Gereji ya Wasomaji: Usifungue pampu kabla hujapima

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu ya injini 1HZ, napakia vitunguu Mang'ola kupeleka Arusha. Zamani ilikwenda kilomita 8 kwa lita, sasa ni kama 6, na nikipanda kuelekea Karatu inatoa moshi mweusi. Fundi anataka kushusha pampu ya dizeli ya injini. Nimruhusu?
Msomaji, Karatu

JIBU: Bado, ndugu yetu. Kwanza uhakikishe kama kweli ni 6. Jaza tanki sheli hadi mpini ujikate mara ya kwanza, usishindilie. Andika kilomita. Tembea si chini ya kilomita 300 na mzigo wako wa kawaida, rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze vilevile. Gawanya kilomita kwa lita: 312 kwa lita 48 ni 6.5. Na kama ulitoa matairi ya 7.50R16 ukaweka 285/75R16 yaliyo makubwa zaidi, dashibodi inakupunja kilomita kama 3 katika kila 100.

Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa. 1HZ haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), na kwenye mita 1,400 za Arusha hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko Tanga au Dar. Kwa hiyo chochote kinachoziba hewa huonekana huku haraka. Fungua ea klina. Minya ule mpira mdogo chini ya kopo lake utoe vumbi; ukiwa umepasuka au umeziba, vumbi linabaki ndani. Puliza filta kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi 30 psi, kisha weka tochi ndani yake gizani. Ukiona nukta ya mwanga, tupa. Vumbi la Mang'ola likipita hapo linakula ringi za pistoni, na gharama yake si ya filta tena.

Halafu tazama nyuma ya pampu, kwenye skrubu ya kuongeza mafuta. Kama sili yake imekatwa, kuna mtu aliikaza ili gari lipate nguvu. Robo mzunguko tu inatosha kuleta huo moshi, na ukifika mlimani dizeli hiyo haipati hewa ya kuiunguza. Irudishwe na fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, si kwa kukisia.

Themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) ipo? Mafundi wengi huitoa gari likichemka na hawairudishi. Injini inayokwenda baridi inakula mafuta siku zote; kama mshale wa joto hauinuki hata na mzigo, rudisha themostati.

Magurudumu yapige jeki moja moja, uyazungushe kwa mkono. Linalong'ang'ania lina breki iliyokwama au beringi iliyokazwa mno. Frihabu za mbele (vifungo vya 4WD katikati ya magurudumu) ziwe FREE ukiwa lami. Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha mlangoni, kwa mzigo kamili.

Yote hayo yakiwa sawa na moshi ukabaki, toa nozeli zote 6 zipimwe. Nzuri inanyunyiza ukungu, mbovu inadondosha. Uzirudishe kwa washa (pete za kuziba) mpya. Pampu ndiyo ya mwisho kuguswa, kwa sababu ndiyo ghali na ikifunguliwa na mkono usioijua hairudi ilivyokuwa.

SWALI: Nikishuka Marangu hadi Himo kwa fri (gia imetolewa), naokoa dizeli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hapana. Ukiacha pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, gavana ya pampu (kidhibiti cha dizeli) inakata dizeli mpaka injini ikaribie sailensa, yaani mzunguko wake wa chini bila kukanyaga mafuta. Kwenye fri lazima injini ilishwe isizime, kwa hiyo unachoma mafuta na breki kwa pamoja. Weka gia ya tatu, au ya pili kama umepakia. Kuzima injini kabisa usithubutu: breki inabaki na msaada wa mikanyago michache tu, na usukani wa pawa unakuwa mgumu kabla ya kona inayofuata.