Maswali ya Wasomaji: Tamthiliya za Zamani Darasani

*SWALI: Nafundisha Kiswahili sekondari. Nikiwapa wanafunzi "Kinjeketile" wanapiga miayo, wanataka madesa ya dhamira na wahusika tu. Je, niziache hizi za zamani? — Mwalimu, Mafinga*

JIBU: Usiziache, Mwalimu. Kinachowachosha ni kusoma kimyakimya maneno yaliyoandikwa yasemwe. Tamthiliya hiyo ya Ebrahim Hussein, inayohusu vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, ilichapishwa mwaka 1969, lakini ugomvi uliomo haujazeeka. Mwanafunzi akipewa dhamira kabla hajasikia watu wakigombana, ataendelea kusoma ili apate nini?

Anzia mwisho. Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Watu wamekufa kwa kuyaamini, naye anakataa kusema. Uliza darasa: ana haki? Waache wabishane dakika tano, kisha ndipo wafungue ukurasa wa kwanza.

Kwa darasa la wanafunzi 49 na vipindi viwili vya mfululizo (dakika 80), gawa makundi saba ya watu saba, kila kundi kurasa mbili tu. Dakika 10 wasome kwa sauti wakiwa wamekaa. 20 wajaribu wakiwa wamesimama. Kisha kila kundi lionyeshe kwa dakika nne. Zinabaki 22 za majadiliano, na madesa yaandikwe hapo, kutokana na walichokiona. Kinjeketile achezwe na mtu tofauti katika kila kundi. Ukimpa yule mmoja msemaji hodari, wengine wote wanageuka miti.

Kosa la kawaida ni kitabu kuziba uso. Sauti inaishia kwenye karatasi, na walioko nyuma wanaanza soga. Kila mmoja anakili maneno yake kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Kosa jingine ni pale Kinjeketile anapopandisha pepo: mchezaji anatetemeka mwili mzima, darasa linaangua kicheko. Mwambie atulie kabisa, na wanaomzunguka ndio waogope. Mto anaoingia Kinjeketile nao hauhitaji ndoo: wawili washike kaniki kwa ncha, yeye aingie nyuma yake, atoke na nguo kavu.

Hapo Iringa watauliza Wahehe walikuwa wapi. Usilikwepe swali hilo, ni zuri kuliko mengi ya mtihani. Mkwawa, mtemi wao, alikuwa amekwisha kujiua mwaka 1898, na katika Majimaji Wahehe wengi walikaa kando au upande wa Wajerumani. Upande wa Njombe mambo yalikuwa mengine: misheni ya Yakobi ilishambuliwa mwaka 1905.

*SWALI: Tunasomeshwa "Mabepari wa Venisi". Wazungu wa kale wa Italia wanatuhusu nini sisi? — Mwanafunzi, Tukuyu*

JIBU: Umeshasikia mikopo ya kausha damu, bila shaka. Katika tamthiliya hiyo ya Shakespeare, Antonio anamdhamini rafiki yake kwa dukati 3,000, muda miezi mitatu, na mdai Shylock anaandikisha kwamba deni lisipolipwa atakata ratili ya nyama mwilini mwa mdhamini. Habari zinakuja kuwa meli za Antonio zimezama, deni limeiva. Kama kijijini kwenu kuna mtu aliyemwekea mwenzake sahihi akaja kunyang'anywa ng'ombe, basi hadithi unaijua.

Tazama pia jina. Shakespeare aliandika mfanyabiashara mmoja. Mwalimu Nyerere, katika tafsiri yake ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaandika mabepari, tena kwa wingi. Hiyo peke yake ni hoja ya insha nzima.

Ugumu wake ni lugha. Mistari haina vina, na wengi husimama kila mwisho wa mstari, maana ikakatika. Fuata nukta na mkato, mstari uuvuke. Matusi anayotupiwa Shylock kwa Uyahudi wake msiyaruke: bila hayo hasira yake haieleweki, naye anabaki katili tu. Mwombeni mwalimu ayafafanue kabla hamjacheza.

*SWALI: Hatuna ukumbi wala fedha. Tufanyeje? — Mkuu wa shule, Makete*

JIBU: Bwalo linatosha. Jukwaa pangeni kwa mabanzi ya mbao, kimo cha sentimita 40, na mpitishe mkono kutafuta misumari iliyochomoza kabla mtu hajapanda peku. Mikuki iwe fimbo zenye ncha za boksi. Kinachoshinda maonyesho mengi huko kwenu ni mvua juu ya bati: ikianza, hakuna sauti itakayosikika hata mstari wa tatu. Wekeni onyesho kati ya Juni na Septemba, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapunguza baridi. Mchezaji aliyevaa kaniki tupu alfajiri ya Julai atatetemeka kweli, na meno yakigongana maneno hayatoki.