Mwanangu Alimsaidia Mwenzake, Akapewa Sifuri

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilizaliwa Uvira, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huu ni mwaka wa tatu tangu mimi, mume wangu na watoto wetu wanne tuhamie Marekani. Binti yetu wa miaka tisa, aliye darasa la tatu, alimwonyesha jirani yake majibu katika jaribio la hesabu. Mwalimu wao aliwapa wote wawili sifuri, kisha akatuandikia kwamba binti yetu pia hanyooshi mkono wala hatoi maoni yake darasani. Nilipomuuliza mtoto, alilia akasema kwamba mwenzake alikuwa hajui na yeye alikuwa anajua. Sisi tumemlea asile peke yake na asidakie maneno ya wakubwa. Je, sasa nimfundishe kuficha karatasi yake? Ninaogopa atakua bila kujua ndugu.
Mama wa watoto wanne, Kentucky

JIBU: Marahaba, mama. Usimkaripie kwa huruma aliyoionyesha. Mfundishe kuuliza, kabla hajaanza kazi yoyote, kama kazi hiyo ni ya pamoja au ni ya kila mtu na yake. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kuitambua tofauti hiyo ilimradi aambiwe waziwazi, na ninavyoona mimi, kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, kwa sababu shuleni hudhaniwa kuwa kila mtoto anakuja akiwa amekwisha kuijua.

Wataalamu wa malezi hutofautisha utamaduni unaomtanguliza mtu mmoja mmoja, ambao humlea mtoto ajitegemee, achague mwenyewe na aseme analolifikiri, na utamaduni unaotanguliza jamaa, ambao humlea ajue nafasi yake miongoni mwa wenzake na asaidie kubeba mzigo wao. Hapa lugha yetu inatutia mtegoni kidogo, kwa kuwa ule wa kwanza tukiuita ubinafsi tunakuwa tumeuhukumu kabla ya kuueleza. Mwalimu wa binti yako hamfundishi uchoyo. Anapotoa jaribio anataka kujua kila mtoto ameelewa nini, ili asiyeelewa afundishwe tena; yule jirani akipata majibu kwa kuangalizia, ndiye atakayepata hasara, kwani mwalimu atapita akidhani kwamba anajua kugawanya, naye hajui.

Mgongano unaouona nyumbani kwako umechunguzwa kwa makini huko huko Marekani, katika jiji la Los Angeles, miongoni mwa familia za wahamiaji wa Kilatino, yaani wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini. Watafiti, akiwamo mwanasaikolojia Patricia Greenfield, waliwapa wazazi na walimu visa vifupi wavitolee uamuzi. Kimojawapo kilikuwa hivi: masomo ya siku yamekwisha, watoto wanasafisha darasa, na mmoja anayejisikia vibaya anamwomba mwenzake amsaidie zamu yake, lakini huyo mwenzake hana hakika kama atapata muda wa kufanya kazi zote mbili. Mwalimu afanye nini? Wazazi wahamiaji walio wengi walijibu kwamba mtoto aambiwe amsaidie mgonjwa. Walimu wengi walitaka atafutwe mtoto mwingine wa kujitolea, ili huyu aliyeombwa amalize kazi aliyopewa. Nadhani wewe ungejibu kama wazazi wale, na hata mimi ningejibu hivyo, lakini sioni ukatili katika jibu la walimu. Wao wanalinda wajibu uliokabidhiwa kila mtoto. Mwaka 1996 watafiti hao walianza kufanya kazi na walimu saba wa shule za msingi, baadhi yao wenyewe wakiwa na asili ya Kilatino, na ikaonekana kwamba hata hao walikuwa wamezoea kuamua kama shule inavyoamua. Walipolitambua hilo, walibadili mambo madogo madogo: watoto wakaruhusiwa kusaidiana zamu, na baadhi ya walimu wakaanza kukutana na wazazi kwa vikundi badala ya mmoja mmoja.

Kuhusu ukimya wa binti yako, nasimama upande wako zaidi. Greenfield na wenzake wanaeleza darasa moja la watoto wadogo ambamo mwalimu alionyesha yai la kuku, akawataka watoto walieleze kwa kukumbuka walipopika au kula mayai. Mtoto mmoja alijaribu mara tatu kusimulia alivyopika mayai pamoja na bibi yake, lakini mwalimu akamwacha, akampokea yule aliyesema kwamba yai likipasuliwa huonekana jeupe na manjano. Kwa mtoto yule, yai lilikuwa sehemu ya habari ya bibi, na swali lilimwalika kuisimulia. Nikisoma kisa hicho naumia, kwa sababu mtoto akipuuzwa hivyo mara tatu, ya nne hatajaribu. Mtafiti Susan Philips naye, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1972 kuhusu watoto wa wenyeji asilia wa Marekani huko Warm Springs, jimboni Oregon, aliona kwamba watoto waliokaa kimya walipoitwa mmoja mmoja mbele ya darasa walizungumza vizuri walipofanya kazi katika vikundi walivyoviongoza wenyewe.

Nakuomba pia usimwambie mtoto kwamba Wamarekani ni wa peke yao na sisi ni wa undugu. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule za kikoloni zilikuza hulka ya mtu kujitafutia yake badala ya hulka ya kushirikiana. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nilikuwa nikisimama kila mwisho wa muhula mbele ya wazazi na kusoma majina ya watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na nyuso za wale wa mwisho bado ninazikumbuka. Katika mitihani ya taifa ya Tanzania, anayebainika kuangalizia hufutiwa matokeo. Jaribio la mtu mmoja mmoja limo katika shule zetu pia, wala binti yako hakulikuta ugenini tu.

Nenda ukamwone mwalimu wake. Omba mkalimani wa Kiswahili, wala usimtumie binti mwenyewe kutafsiri, maana hatatafsiri kwa ukamilifu maneno yanayomhusu. Usiombe sifuri ifutwe. Mweleze mwalimu kwamba kwenu anayejua akimnyima asiyejua huonekana amekosa adabu, na kwamba mtoto kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Mwombe kila anapotoa kazi amwambie mtoto kama ni ya pamoja au ya mtu mmoja, na kabla ya kumtaka anyooshe mkono mbele ya wote, ampe nafasi ya kuzungumza katika kikundi cha watoto watatu au wanne.

Na yule jirani asiyejua kugawanya, wazazi wake wakikubali, mwalike kwenu siku ya Jumamosi. Wakae mezani na binti yako, amfundishe hatua kwa hatua bila kumpa jibu, kisha wale pamoja.