Charizard na adha ya mawe: namna ya kumlea tangu akiwa Charmander

Kila anayeanza magemu ya Pokémon ya eneo la Kanto huambiwa jambo lilelile: ukichukua Charmander, yule wa Moto anayekua kuwa Charmeleon kisha Charizard, umechagua njia ngumu. Maneno hayo yana ukweli, ila yamekaa upande. Charmander hana upungufu wa nguvu hata siku moja. Anachokosa ni kinga dhidi ya kitu kimoja, mawe. Mawe yanamsubiri kwenye jimu ya kwanza, yanamsubiri tena mwisho wa gemu, na ukimpeleka kwenye mapambano ya mtandaoni utakuta yametandazwa uwanjani kabla hajatua. Ukijua kumwepusha nayo, sehemu kubwa ya safari ni mteremko.

Maelekezo haya yanafuata magemu ya FireRed na LeafGreen ya mwaka 2004, maana humo Charmander amepangiwa mapigo vizuri kuliko kwenye Red na Blue za kwanza. Panapotofautiana, nitataja.

Kazi ya kwanza ni kabla hujamchukua. Sevu mbele ya meza ya Profesa Oak, chukua mpira, kisha fungua ukurasa wake uangalie tabia aliyozaliwa nayo. Tabia nyingi huongeza uwezo mmoja kwa asilimia 10 na kupunguza mwingine kwa kiasi hichohicho. Kwenye toleo hili mapigo yote ya Moto yanatumia Special Attack badala ya Attack ya kawaida, hata yale yanayoonekana kama ya kugusa mwili, kwa hiyo Modest (Special Attack juu, Attack chini) na Timid (kasi juu, Attack chini) ndizo zinazomfaa zaidi. Mild na Rash nazo si mbaya, kwani zinamwachia Attack yake kwa ajili ya Metal Claw na kumkata kwenye kinga. Usiyoitaka kabisa ni Adamant (Attack juu, Special Attack chini): jina linasikika la kiume, lakini linakata palepale moto unapotoka. Ukiipata, zima na uanze upya. Ni dakika chache, na zitakuokolea saa nyingi mbele.

Sasa Brock, kiongozi wa jimu ya kwanza. Ana Geodude wa levo 12 na Onix wa levo 14, wote wawili wa aina ya Mwamba na Ardhi. Ushauri unaozagaa ni kufikisha Charmander levo 13, ajifunze Metal Claw, pigo la Chuma linaloumiza Mwamba, halafu uingie. Tufanye hesabu tuone kama unasimama.

Charmander wa kawaida wa levo 13 ana damu (HP) kama 35. Metal Claw yake inamtoa Geodude karibu 11 au 12 kati ya damu kama 33, yaani mapigo matatu, ukibahatika. Hapo ni sawa. Lakini Geodude ana Defense Curl, na kila anapojikunja Defense yake inapanda, Metal Claw inapungua. Akijikunja mara mbili, Metal Claw inabaki na nguvu ileile ya Ember, pigo lake la kwanza la Moto, karibu damu 8. Ember haijali kujikunja huko kwa sababu inapita upande wa Special Defense, ambao Geodude hana kitu. Kwa hiyo anza na Metal Claw, na ukiona amejikunja mara mbili hamia kwenye Ember. Pia ina nafasi ya asilimia 10 ya kumuunguza, na aliyeungua Attack yake inakatwa nusu.

Onix ndiye anayevunja ule ushauri. Base yake (uwezo wa asili kabla ya kuhesabu levo) ya Defense ni 160. Metal Claw ya levo 13 inamtoa damu kama 8 kati ya 36 hivi. Unahitaji mapigo matano. Yeye ana Rock Tomb, ambayo kwa Charmander inaingia kwa nguvu mara mbili na kumtoa damu kama 25. Mapigo mawili, umelala. Na ile ya kwanza ikishakupata, kasi yako inashuka, hivyo hata nafasi ya kutangulia umeipoteza. Unachobaki kutegemea ni kwamba Rock Tomb hukosea mara moja kati ya tano. Huko ni kucheza kamari.

Njia ya uhakika iko Route 22, magharibi ya Viridian City, kabla hata hujaingia msituni. Kamata Mankey. Kabla ya levo 10 anakuwa na Low Kick, pigo ambalo kwenye toleo hili nguvu yake hufuata uzito wa adui. Onix ana kilo 210, na kuanzia kilo 200 Low Kick inafika nguvu 120, kiwango chake cha juu kabisa. Mankey wa levo 10 anamwangusha Onix kwa mapigo mawili. Rock Tomb haimtishi sana, kwa kuwa aina ya Ngumi inapunguza mapigo ya Mwamba kwa nusu. Kwa Geodude usimtumie hivyo: kilo 20 zinaifanya Low Kick iwe na nguvu 40 tu. Mpangilio basi ni Charmander kwa Geodude, Mankey kwa Onix.

Kama hutaki kabisa Mankey kwenye timu, subiri levo 16 ageuke Charmeleon. Hapo ana damu kama 46, Metal Claw inamtoa Onix kama 12, na kwa kawaida anatangulia kupiga. Bado ni pambano la karibu. Ingia na Potion mbili tatu na uzitumie mapema, usisubiri damu iwe nyekundu.

Kwenye Red na Blue hali ni nyepesi kuliko inavyosimuliwa. Metal Claw haipo, lakini Brock wa huko hana hata pigo moja la Mwamba, na Special ya Onix na ya Geodude ni 30 tu. Ember, anayoipata levo 9, inawamaliza hata ikiwa imekatwa nusu. Jihadhari na kitu kimoja, Bide ya Onix: anakaa zamu mbili au tatu anakusanya maumivu, kisha anayarudisha mara mbili. Akianza Bide, wewe piga Growl tu, pigo lisiloumiza, mpaka imalizike.

Misty, kiongozi wa jimu ya Maji huko Cerulean, ana Staryu wa levo 18 na Starmie wa levo 21 mwenye Water Pulse. Charmeleon akae pembeni, hakuna ujanja. Kaskazini ya Cerulean, Route 24 na 25, kuna Oddish kwenye FireRed na Bellsprout kwenye LeafGreen. Chukua mmoja, na usimtupe baada ya beji, kwa sababu mpinzani wako alichukua Squirtle siku ileile ulipochukua Charmander, na atakuja naye mpaka Blastoise. Timu ya Charmander isiyo na mtu wa Nyasi au Umeme italia kila wanapokutana.

Hapo hapo Cerulean, ukishamaliza mambo ya Bill, mtafiti wa Route 25, kuna nyumba iliyovunjwa na mtu wa Team Rocket nyuma yake. Mpige, utapata TM28 (TM ni kifaa cha kumfundisha Pokémon pigo), yaani Dig. Mpe Charmeleon. Wengi huitunza wakidhani watapata mtu bora wa kumpa, na ndipo wanapofika kwa Lt. Surge, kiongozi wa jimu ya Umeme, na Raichu wake wa levo 24 bila silaha. Dig ni ya aina ya Ardhi, inaingia mara mbili kwa Umeme, na ile zamu unayokuwa chini ya ardhi radi haikupati. Itumie mapema, kwa sababu akishakuwa Charizard mambo yanageuka: aina ya Kuruka inamfanya Umeme umuume.

Kuna swali linaloulizwa kila mara: nimzuie kugeuka ili apate mapigo mapema? Charmander anapata Flamethrower, pigo kali la Moto, levo 31, Charmeleon anaipata 34. Tofauti ni levo tatu. Kwa ajili ya levo hizo tatu utakuwa umetembea kuanzia 16 hadi 31 na kiumbe mwenye jumla ya uwezo 309 badala ya 405. Haina maana, mwache ageuke. Tena mpangilio wa kawaida umekaa vizuri wenyewe: Flamethrower levo 34, kugeuka Charizard levo 36, na Wing Attack palepale levo 36.

Wing Attack usiitarajie makubwa. Kwenye toleo hili mapigo yote ya Kuruka yanatumia Attack, na ya Charizard ni 84 dhidi ya Special Attack 109. Ukiwa na Modest au Timid inazidi kupungua. Ukitaka kupunguza idadi ya mapigo yasiyo na kazi, mpe Fly mahali pa Wing Attack: nguvu 70, na unaokoa nafasi kwa mwingine kwenye timu. HM02, kifaa cha kufundishia Fly, iko kwenye nyumba ya Route 16, magharibi ya Celadon, nyuma ya mti unaohitaji Cut. (Kwenye Red na Blue Charizard hakuweza kujifunza Fly, mabawa yote yale! Ilirekebishwa kwenye Yellow.) Blaine, kiongozi wa jimu ya Moto, akishapigwa anakupa TM38, Fire Blast. Ina nguvu 120 dhidi ya 95 za Flamethrower, ila inakosea karibu mara 15 kwa 100 na inaisha haraka. Kwa kupitia gemu, baki na Flamethrower.

Jimu zilizobaki hazihitaji maneno mengi. Erika wa Nyasi ni zawadi. Kwa Giovanni mapigo ya Ardhi yanapita chini ya mabawa bila kumgusa, ila Rhyhorn ni Mwamba, huyo mwachie mtu wa Maji au Nyasi. Mawe yanarudi kwa Elite Four, wale wanne wakali wa mwisho wa gemu. Bruno ana Onix wawili. Lance ana Aerodactyl, na huyu ndiye wa kumwogopa: Mwamba na Kuruka, base ya kasi 130 dhidi ya 100 ya Charizard, kwa hiyo anatangulia. Charizard ni Moto na Kuruka, aina zote mbili zinaumizwa na Mwamba, hivyo pigo la Mwamba linaingia mara nne. Hakuna dawa utakayokunywa ukapona hapo. Aerodactyl akitoka, ingiza wa Maji au wa Umeme.

Mtandaoni kuna adha mpya. Tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006 lipo pigo liitwalo Stealth Rock: mpinzani anatandaza mawe upande wako, na kila anayeingia anaumia kulingana na udhaifu wake kwa Mwamba. Wa kawaida anapoteza sehemu ya nane ya damu. Charizard anapoteza nusu. Nusu nzima, kabla hajafungua mdomo.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hulikosea wakati wa kugawa EV, yaani pointi za mazoezi zinazoongeza uwezo. Charizard wa levo 100 mwenye IV (pointi za kuzaliwa nazo) 31 za damu, asiyeongezewa EV yoyote huko, ana damu 297. Nusu yake inakatwa kwenda chini: 148. Akiingia mara ya kwanza anabaki na 149, akiingia mara ya pili anabaki na 1. Yu hai. Sasa wewe umeweka 252 kwenye kasi, 252 kwenye Special Attack, na zile 4 za mwisho ukazitupia kwenye damu kwa mazoea. Damu inakuwa 298, nusu ni 149, na mara ya pili anaingia akianguka. Zile 4 ziweke kwenye Defense au Special Defense. Kwa mapambano ya levo 50 ni vilevile: 153 inafaa, 154 inaua.

Kuanzia Sword na Shield za mwaka 2019 kuna Heavy-Duty Boots, viatu vinavyomkinga anayeingia na mitego yote ya chini. Kwa Charizard hivyo ndivyo kifaa cha kwanza kufikiria, na vinaifanya Roost iwe na maana, kwani sasa anaweza kutoka, kurudi na kujiponya nusu ya damu. Kumbuka tu kwamba akitua kwa Roost anapoteza aina ya Kuruka mpaka zamu iishe. Mwamba unashuka kutoka mara nne hadi mara mbili, lakini Earthquake, ambayo siku zote haimpati, zamu hiyo inampata, tena mara mbili.

Kwenye magemu yenye Mega, yaani kugeuka kwa muda katikati ya pambano, kuanzia X na Y za mwaka 2013, kuna njia mbili. Mega Charizard Y analeta jua akigeuka: Moto unapanda kwa nusu, Maji yanakatwa nusu, na Solar Beam inatoka bila kusubiri, kwa hiyo wale wa Mwamba wanaokuja kumzuia wanapata jibu. Mega Charizard X anakuwa Moto na Dragoni, Mwamba unamuumiza mara mbili badala ya nne, na Attack yake inafika 130, inayomfaa kwa Dragon Dance, pigo linaloongeza Attack na kasi. Ila mawe ya Stealth Rock humpata anapoingia, akiwa bado Charizard wa kawaida mwenye mabawa. Nusu ya damu inaondoka kwanza, kugeuka kunafuata. Kwa hiyo hata X anahitaji mwenzake wa kumfagilia uwanja kwa Rapid Spin au Defog, na mwenzake huyo aingie kabla yake.