Kwa nini tambi za Lady and the Tramp bado zinagusa

Umeuliza katika Lady and the Tramp, filamu ya katuni ya Disney, mbwa wawili kula tambi kuna mapenzi gani hapo. Irudie sehemu hiyo polepole. Kila mmoja anatafuna upande wake, hawajui kwamba uzi wa tambi ni mmoja mpaka midomo igusane; Lady, yule jike, anageuza uso kwa haya. Kisha Tramp, mbwa koko aliyezoea kujitafutia, anasukuma kwa pua donge la mwisho la nyama limfikie mwenzake. Kwangu hilo donge linazidi busu: mwenye njaa ametoa tonge lake!

Walt Disney mwenyewe, mwenye studio, alitaka kuiondoa sehemu hiyo, akihofia mbwa wakila tambi watachekesha tu. Mchoraji Frank Thomas akaichora hivyo hivyo, akamshawishi. Siri yake ni mwendo: wanatafuna taratibu, hawabwakii chakula.

Halafu angalia kimo cha picha. Mara nyingi watu unawaona miguu na mikono tu, kwa sababu tunatazama tukiwa usawa wa mbwa. Ila tafuta nakala ya skrini pana. Filamu hii ya 1955 ilichorwa kwa CinemaScope, yaani mfumo wa picha pana sana, na nakala iliyokatwa pembeni inakunyima nusu ya uchochoro wanamolia tambi.