Nililala kwenye hema hadi miaka 57, na milima bado napanda

Mleta uzi ana miaka 52, mgongo umeanza kumkamata, na anauliza anunue godoro nene la kambi au aachane na hema kabisa. Wenzake wa kundi la kupanda milima wamemwambia mlima wa kulala kitandani si mlima. Mdogo wangu, mimi nina 63, na hapo ulipo nilishapita.

Hema nililijua nikiwa skauti, Moshi. Lilikuwa la turubai zito, tunaingia vijana sita, chini tunatandika majani makavu ya mgomba na usingizi tunalala fofofo. Ukubwani nikapanda Kilimanjaro mara nne kwa njia ya Machame. Wanaoijua wanajua: huko hakuna kibanda cha mgeni kulala. Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu, kote ni hema. Nikiwa na thelathini na kitu nilikuwa naamka, najinyoosha mara moja, chai, tunaondoka.

Mara ya nne nilikuwa na 57. Usiku ulionibadilisha ni wa Barranco, karibu mita 4,000. Kule juu mkojo huwa mwingi kuliko nyumbani, kwa baridi na kwa mwinuko wenyewe, na ukiwa unameza Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ndiyo kabisa. Na mimi tezi dume ilishaanza usumbufu wake. Niliamka saa tano, nikaamka saa saba na nusu, nikaamka tena kwenye saa tisa. Kila safari ujivue begi la kulalia, upapase tochi, upige magoti, uvutane na zipu yenye barafu, uingize miguu kwenye buti zilizokakamaa, halafu uinuke kutoka ardhini na hakuna pa kushika. Kuinuka huko ndiko kulikonishinda. Safari ya tatu goti la kulia likagoma. Nikabaki mlangoni, kiwiliwili nje, miguu ndani, viganja vyangu kwenye nyasi zenye barafu, namwita mpwa wangu hema la pili. Akaja na soksi tu miguuni, akanishika kwapani, akaninyanyua. Hakusema neno, na mpaka leo hajawahi kulisimulia mbele ya watu. Namshukuru kwa hilo.

Kileleni nilifika. Ila kushuka kwenda Mweka niliumia kila hatua, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba safari zangu za mlimani zimekwisha. Sikuwaza kabisa kwamba kilichokwisha ni hema tu. Hilo lilinichukua karibu mwaka kulielewa, na ndiyo sababu naandika kirefu hivi.

Sasa godoro. Nunua, lina kazi yake. Ukilala, uzito wako unakandamiza begi la kulalia upande wa chini, hewa iliyo ndani inatoka, na joto linatunzwa na hewa hiyo. Ndiyo maana mtu anajifunika blanketi mbili na bado mgongo unakuwa wa baridi: ardhi inamnyonya kwa chini. Godoro nene la kujaza upepo lilinisaidia sana kwenye kiuno. Kwenye kuinuka halikunisaidia chochote. Kitanda cha kukunja kinasaidia kuinuka, na kwa kambi ya kufika na gari, mfano Mikumi, ningekushauri ukinunue leo. Mlimani ni habari nyingine, maana kitanda hicho kitakuwa begani kwa mgumu, yaani mpagazi, na yeye mzigo wake una kikomo cha kilo 20 kwa sababu za msingi.

Mwaka uliofuata nikapanda kwa Marangu, ile ambayo watu wanaiita kwa dharau njia ya Coca-Cola. Mandara, Horombo, Kibo, vyote vibanda. Horombo choo kiko nje na baridi ni ileile, lakini unaamka, unakaa kitandani, nyayo zinagusa sakafu ya mbao, unavaa buti ukiwa umekaa, unashika nguzo ya kitanda, unasimama. Basi. Nililala vizuri usiku mbili mfululizo, kwa sababu niliongeza siku moja pale ili mwili uzoee. Usiikatae siku hiyo hata kama ratiba inaonekana ndefu. Hao wanaosema si mlima, waambie kutoka kibanda cha Kibo hadi kilele cha Uhuru ni zaidi ya mita 1,100 za kupanda, usiku, kwenye changarawe inayokurudisha nyuma. Kilele ni kilekile cha mita 5,895.

Sitakudanganya kwamba sikupoteza kitu. Mvua ikipiga turubai umelala, hakuna sauti nyingine kama hiyo. Na kufungua zipu alfajiri pale Shira ukakuta kilele cha Kibo kiko mbele yako, cheupe, kabla hata hujatoka kwenye begi la kulalia, hicho ni kitu ambacho kibanda hakikupi. Nimekikosa na bado nakikumbuka.

Umesema familia inataka kutoka Desemba. Nenda Mlima Meru, Arusha. Unalala kibanda cha Miriakamba, kisha cha Saddle, vitanda na magodoro vipo, na mnatembea na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, watoto watalifurahia hilo. Ambaye hataki baridi, Lushoto hadi Mtae kwa miguu, milima ya Usambara, usiku mnalala kwa masista Rangwi. Vibanda vya Meru weka nafasi mapema, msimu huo vinajaa.

Na ukifika kibandani, usione aibu kumwambia kijana akupishe kitanda cha chini karibu na mlango. Buti ziweke zikielekea nje, tochi ivae shingoni kabla hujalala.