Nikiuza nakala ya GIMP, navunja leseni?

SWALI: Nina duka la kompyuta. Wateja wasio na bando la kutosha huniomba niwawekee GIMP, ile programu ya kuhariri picha, kwenye flashi. Nikiwatoza hela nitakuwa na kosa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Huna kosa. GIMP iko chini ya GPL toleo la 3, leseni ya programu huria inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, na kifungu chake cha 4 kinakuruhusu kutoza bei yoyote kwa kila nakala, pamoja na malipo ya usaidizi au dhamana. Usichoruhusiwa ni kumkataza mteja kuinakili na kuwagawia wengine, hata bure, wala kumdai ada ya leseni yenyewe.

Wengi hukwama kwenye msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji wake. Ukitoa flashi yenye programu, mteja ana haki ya kupata msimbo wa toleo lile lile, na wa maktaba zilizofungwa humo, yaani vipande vya programu ambavyo GIMP huvitegemea, kama GTK inayochora madirisha na vitufe. Programu ya 2.10.38 ukiiambatanisha na msimbo wa 2.10.36, hujatimiza sharti. Pakua vyote siku moja, viweke kwenye folda ya pembeni ndani ya flashi pamoja na faili la leseni, COPYING.

Badala ya kuweka msimbo kwenye flashi, unaweza kutoa ahadi ya maandishi, ya angalau miaka 3, kwamba mwenye nakala akiomba msimbo ataupata bila kulipa zaidi ya gharama halisi ya kumfikishia. Kwa duka dogo sikushauri: utalazimika kutunza mafaili ya kila toleo uliloliuza.