Jina kubwa halizibi pengo la beki

Ndugu, unasema timu ikishapoteza mechi mfululizo dawa ni kocha mwenye jina kubwa, hata kwa mkataba wa miaka mitatu. Sikubaliani nawe. Kumbuka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa mapema 2024. Kodivaa, wenyeji, walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, kocha wao Jean-Louis Gasset akaondoka mashindano yakiendelea. Shirikisho likajaribu kumwazima Hervé Renard, aliyekuwa akiinoa timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakagoma. Timu akabaki nayo Emerse Faé, msaidizi tu, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya wakubwa. Wakaitoa Senegal kwa penalti, wakaitoa Mali wakiwa pungufu, na fainali wakaifunga Nigeria 2-1.

Sisemi kila msaidizi ni Faé (wengine wanaongeza mabao ya kufungwa tu). Ila yeye alikuwa anaishi na wachezaji wale, anajua nani kachoka na nani kanuna. Mgeni anatumia wiki kadhaa kujua hayo, na timu inayopigania isishuke daraja haina wiki kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kutaja majina, tazama mabao mnayofungwa. Kama kila kona mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya beki kuuondoa, unaokotwa na mpinzani pale ukingoni mwa boksi, tafuta mtu wa kupanga ulinzi. Na mkataba uwe mpaka mwisho wa msimu. Hiyo miaka mitatu ya kumshawishi ndiyo mtakayolipia fidia mkimtimua.